Fomu Isiyo na Muhuri

Mkunazini, alasiri, hamjarudi bado kutoka Paje

Rahma, mwanangu,

Leo asubuhi, ulipotoka na baba yako kwenda kumuaga bibi yako, niliingia chumbani kwako kutafuta pini za mtandio. Katika droo ya chini, chini ya vitambaa vyako vya kichwa, nikakikuta cheti chako cha uzamili kimelala kifudifudi. Nikadhani umekisahau. Nikakifuta vumbi, nikakipeleka kwenye sanduku lako la safari, na nilipofungua kifuniko nikaiona orodha uliyopewa na wakala anayekupeleka Muscat kwenye kazi ya mapokezi. Paspoti. Picha sita. Karatasi ya daktari. Cheti cha kidato cha sita. Na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu: "Uzamili usiutaje. Utawatisha."

Basi hukukisahau. Umekiacha.

Nimekirudisha kwenye droo nilikokikuta, kifudifudi vilevile, nikaja kukaa mezani. Sitakuandikia habari za kula vizuri, kupiga simu kila Ijumaa na kutomwamini kila anayekuita dada. Hayo baba yako atakwambia mpaka mlango wa uwanja wa ndege, na akizuiwa kuingia atayapiga kelele kutoka nje. Mimi nina jambo moja. Nimekaa nalo miaka minne, na nikikuacha upande ndege kesho bila kukwambia, nitakuwa nimekudanganya mara ya pili. Mara ya kwanza ndiyo hiyo nnayotaka kukueleza.

Unanijua mama yako. Watu wengine wana kisukari, mimi nina ugomvi. Nimegombana gazetini na maprofesa, na wakubwa wa serikali, na mhariri aliyenikatia aya mbili bila kuniuliza. Nyumba hii imejaa vitabu hadi kwenye ngazi kwa sababu sikutaka siku moja nishindwe hoja kwa kukosa kusoma. Na makala iliyonipa jina kuliko zote ilikuwa ile niliyoiita "Tunawasomesha kwa Kazi Zisizokuwepo." Ulikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza. Uliikata ukaibandika ukutani. Niliandika humo kwamba chuo kinachofungua shahada bila kumwuliza mwajiri anataka mtu wa namna gani kinawatapeli wazazi. Kwamba tunasomesha kwa madaftari ya zamani yaliyofifia wino wake, na vijana wetu wanatoka na joho na kofia kwenda kukaa barazani.

Nusu ya makala ile bado naiamini. Vijana walikuwa wanatapeliwa kweli. Nusu ya pili, ile ya "mwulizeni mwajiri," ndiyo iliyokufikisha hapo ulipo.

Chuo kiliniita. Wakaniambia, umepiga kelele vya kutosha, Daktari, sasa njoo ufanye. Wakanitia katika kamati ya kubuni shahada mpya ya uzamili. Mezani palikuwa na rasimu mbili, na uwezo wa kuanzisha moja tu. Rasimu ya kwanza ilikuwa ya usimamizi wa hoteli. Ya pili ilikuwa ya mimea ya bahari, nawe unajua zaidi kuliko mimi ilikuwa na nini ndani, kwa sababu niliporudi nayo nyumbani uliisoma umesimama jikoni mpaka wali ukaungua. Ukaniambia, "Mama, hii ni yangu. Hii imeandikwa kwa ajili yangu."

Tangu mdogo, kila likizo, ulikuwa kwa bibi yako Paje. Maji makubwa ya bamvua, ya mwezi mwandamo na mpevu, yakikauka unaingia naye baharini kufunga mwani kwenye kamba, na unarudi na maswali. Kwa nini ule mnene unageuka mweupe? Kwa nini unakatika kama uzi uliooza? Kwa nini zamani uliota hapa na sasa hauoti? Bibi yako alikuwa anakujibu, "Nngelijua ningekuwa nakufa na njaa mimi?" mnacheka wote wawili. Lakini yeye alikuwa hachezi. Mwani wake ulikuwa unakufa kweli.

Kamati ikauliza: tutachaguaje? Mimi nikasimama na kusema, tusichague sisi, tuwaulize wadau. Neno hilo, Rahma! Nalichukia leo kama ninavyochukia harufu ya dawa ya mende. Mdau ni nani? Hakuna aliyeuliza. Nikabuni fomu mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, maswali tisa. Na chini kabisa nikaweka kisanduku: sahihi na muhuri wa taasisi. Mwenyekiti alisema muhuri si lazima. Mimi nikashikilia. Nilitaka fomu zisizopingika, asije mtu akasema tumezijaza sisi chini ya mwembe wa kantini. Tukapatana: isiyo na muhuri haihesabiwi. Kanuni ile ni yangu. Niliigombea na nikashinda, kama kawaida yangu.

Fomu zikaenda, zikarudi. Siku ya kuzipanga tulikuwa watu watatu, mimi, mwenyekiti na karani. Tulizipanga mafungu mawili, hoteli na bahari. Fungu la hoteli lilikuwa linapanda kama ukuta. La bahari lilikuwa na fomu chache za makampuni ya kupeleka wageni kuona pomboo. Karani akachomoa moja, akaiinua juu.

"Hii haina muhuri," alisema. "Imepigwa dole."

Mwenyekiti akaitazama. "Kikundi cha kina mama wa mwani, Paje. Paje si kwenu, Daktari?"

Akanipa. Nikaujua mwandiko wako kabla sijasoma neno. Ile k yako yenye mguu mrefu unaovuka mstari. Ulikuwa umeandika aliyokutajia bibi yako, maswali yote tisa, hukuruka hata moja, ilhali mameneja wa hoteli waliojaza matatu walijiona wametufadhili. Na kwenye kisanduku cha muhuri palikuwa na dole gumba la mama yangu mzazi, kwa wino wa buluu. Dole lenyewe lilikuwa halina mistari. Kamba na chumvi ya miaka thelathini vimeila ngozi yake, pamebaki duara tu, kama tone.

Watu wawili wananitazama. Nikafikiri nini wakati ule? Nimejiuliza sana, na nataka nikujibu kweli, si kwa maneno mazuri. Nilifikiri: nikiipokea watasema kanuni aliiweka yeye, na kwa mamake ameivunja. Hilo ndilo nililojiambia. Chini yake palikuwa na jengine. Nilipokuwa skuli mjini, wasichana wenzangu walikuwa wakinusa mikono yangu wakisema, "Huyu kaja na pwani yake." Nilisoma ili nisinuke mwani, Rahma. Nilisoma nikapata udaktari na safu gazetini na nyumba Mkunazini, halafu pwani ikanifuata hadi mezani kwa kamati, imepigwa dole.

Nikasema, "Kanuni ni kanuni."

Nikaiweka pembeni. Mwenyekiti akanisifu mbele ya karani: mnaona uadilifu? Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kusifiwa.

Jioni ile uliniuliza kama fomu ya bibi ilifika. Uliileta mwenyewe mjini, ukaikabidhi dirishani chuoni. Nikakwambia, "Sijaiona, mwanangu. Hukuiacha dirisha siyo?" Ukafikiri kidogo, ukasema, "Pengine." Nilikuona ukiipokea lawama ile bila ubishi, na sikusema neno. Tangu hapo bibi yako anakuita Mpotezaji. Kwa mzaha, ndiyo, lakini kila mara anakuchoma. "Mpotezaji, shika sahani hiyo kwa mikono miwili." "Mpotezaji, hesabu watoto wasije wakapungua." Nina hakika leo huko Paje ameshakwambia uishike paspoti isije ikaenda ilikokwenda karatasi yetu. Wewe unacheka. Mimi kila nikilisikia jina hilo huinuka kwenda jikoni, nanyi mnadhani nina chakula motoni.

Basi shahada ya hoteli ikapita. Nikaandika makala nyengine, ya ushindi. Na wewe ulipotaka kungoja, ukasema labda bara kuna chuo kinasomesha mambo ya bahari, nilikukalia kitako siku tatu. Unakumbuka nilivyokwambia? Mimi nakumbuka. Nilisema, "Bahari haimwajiri mtu." Nililisema neno hilo kwa binti aliyelelewa, kuvishwa na kusomeshwa skuli kwa mwani wa bibi yake, miaka ile mimi nikiwa bado nasoma. Mimi mwenyewe nilisomeshwa kwa mwani huohuo. Wiki iliyofuata ukajaza maombi ya hoteli.

Hukuwahi kunilaumu. Ningependa ungenilaumu.

Ulipomaliza nilikufuata kwenye ile hoteli ya mashariki, iliyokuwa ya kwanza kugonga muhuri kwenye fomu yangu. Nilijitia nakusindikiza, kusema kweli nilikwenda kudai. Yule bibi wa utumishi alitupokea vizuri, akatupa sharubati ya ukwaju. Akakisoma cheti chako, akakirudisha mezani taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa mwenzake.

"Umesoma sana, mdogo wangu," alikwambia. "Sisi pale mapokezi tunataka mtu wa cheti cha miezi sita anayejua Kipolishi."

Nikaruka. "Nyinyi ndio mliosema mnahitaji watu wa uzamili! Nina fomu yenu, ina sahihi, ina muhuri!"

Hakukasirika. Alinijibu kwa upole, na ndiyo maana bado inanikera. "Ni kweli, Mama. Fomu iliuliza kama tunahitaji. Haikuuliza kama tutaajiri. Na kuhitaji, nani asiyehitaji? Mngetuuliza kama tunahitaji marubani tungesema ndiyo."

Tukarudi nyumbani. Wewe ndiye uliyenibembeleza njiani. Uliniambia, "Mama, angalau sharubati ilikuwa nzuri."

Kuna jengine dogo ambalo limeniondolea usingizi kuliko hili. Unamjua Jayanti wa dukani hapa chini, mchonga mihuri. Mwaka jana nilimpelekea saa ya baba yako aitazame, maana anagusagusa kila kitu. Tukazungumza, na kwa ugomvi wangu nikamsimulia habari za fomu, nikaificha ile moja. Akatoa daftari lake la sampuli, akaanza kunionyesha. Hii hoteli, yeye. Hii kampuni ya pomboo, yeye. Hawa ofisi yao ilikuwa chumba kimoja nyuma ya gereji, muhuri wao ni huu, mzuri, una mnazi katikati.

"Mihuri yako ile, dada," alisema anacheka, "nusu imetoka kwenye kiti hiki. Mimi siulizi mtu ana kampuni au hana. Naandika anachonitajia."

Nikamwuliza, kama namwulizia mtu mwengine, muhuri wa kikundi cha kina mama ungechukua muda gani.

"Nusu saa. Na chai nakunywa."

Nusu saa, Rahma. Ngazi thelathini na mbili kutoka mlango wangu hadi kiti cha Jayanti. Ningeliweza kuichukua fomu ile, nikashuka, nikarudi kamatini na duara la wino, na pasingekuwa na mtu wa kunipinga. Nilijua kuna mchonga mihuri chini ya nyumba yangu. Kila siku nampita. Siwezi hata kujidai kwamba sikujua njia.

Usinifahamu vibaya. Sisemi shahada ile ingeufufua mwani. Kikundi kimeshang'oa vijiti vyake vyote, na pale walipokuwa wakifunga kamba sasa wageni wanateleza juu ya maji wakiburutwa na tiara zao, vile vishada vikubwa vya angani. Maji yamepata moto, na maji hayangojei mtu amalize tasnifu. Pengine ungesoma miaka miwili na mwani ungekufa vilevile. Lakini tungejua umekufa kwa nini, na mtu wa kutwambia angekuwa mtoto wetu. Nami nimeona watu wakivumilia msiba wanaoujua sababu yake. Ule usio na sababu huwafanya walaumiane wenyewe. Kina mama wale walifika kuambiana kwamba kuna aliyewarogea bahari yao.

Nilifikiria kutengeneza. Huwezi kuniambia sikufikiria. Wiki mbili zilizopita chuo kimeniletea barua: kamati mpya, kuhuisha shahada zote za uzamili ziendane na uchumi wa buluu. Bahari, sasa, imekuwa neno la heshima. Nikaenda kwenye kikao cha kwanza na hotuba yangu kifuani. Nikasema, safari hii tuanze kwa watu wanaoingia majini. Mwenyekiti ni yuleyule, nywele zimekuwa nyeupe tu. Aliniachia niseme mpaka mwisho, kisha akafungua jalada, akatoa fomu.

Ilikuwa fomu yangu. Maswali tisa, kisanduku chini. Wameibadilisha jina juu, wameweka na picha ya wimbi.

"Wasajiliwe kwanza, Daktari," alisema. "Kanuni yako mwenyewe."

Watu wakacheka, kwa mapenzi kabisa. Na unajua nilifanya nini? Nilikaa kitako. Sikugombana. Nimepigana miaka yangu yote, na nilipofika mahali pa kupigana na mimi mwenyewe niliishiwa na pumzi. Fomu zimeshatoka. Zitarudi na mihuri, za makampuni ambayo baharini yanakwenda kupigia picha tu. Itazaliwa shahada nyengine yenye jina zuri, na binti wa mtu ataisoma, na siku moja atakiweka cheti chake kifudifudi. Naliona hilo kama ninavyouona ukuta huu. Sina tumaini la kukupa, mwanangu, na nisingependa kukughushia. Nimeshaghushi vya kutosha.

Nilichojifunza ni kidogo, na kimechelewa. Nilidhani swali zuri ni swali lililoandikwa vizuri. Sikutazama mlango: nani anaruhusiwa kujibu na nani atarudishwa kwa sababu hana kitu fulani kinachochongwa nusu saa hapa chini. Huko unakokwenda utapokea watu mlangoni, kazi yako itakuwa hiyo, kuangalia nani ana karatasi na nani hana. Utapewa kanuni, na utafurahi zikikupa sifa. Zaidi ya hapo sitasema. Mimi si mtu wa kumfundisha mwengine habari za milango.

Jengine ni lako zaidi. Siku ile hukupoteza kitu. Uliifikisha fomu dirisha lenyewe, saa yenyewe, imejaa. Kesho nikitoka uwanja wa ndege sirudi mjini. Nnakwenda Paje moja kwa moja kumwambia mama yangu kwamba karatasi yake ilifika, na aliyeikataa ni mimi, na jina lile la Mpotezaji alihamishie kwangu. Sijui atanifanya nini. Ana miaka sabini na zaidi na bado namwogopa. Anaweza kunipiga, na itakuwa nafuu. Nnachokiogopa ni anyamaze, anitazame mikono.

Nasikia mlango wa chini. Baba yako anamsalimu Jayanti, nawe unacheka. Bila shaka umetoka na kapu la maembe ambalo hawatakuruhusu kuingia nalo ndegeni. Nifunge.

Fomu imo ndani ya bahasha hii. Niliitoa kwenye jalada siku ileile, nikaificha ndani ya kamusi kubwa, ambayo katika nyumba hii ni mimi tu ninayeifungua. Cheti kibakishe kwangu, ni haki yangu, mimi ndiye niliyekitunga. Wewe chukua hii. Utaukuta mwandiko wako wa miaka minne nyuma. Utalikuta swali la saba, "Mnahitaji mhitimu wa aina gani?", na jibu alilokutajia bibi yako: "Tunataka mtu wa kukaa nasi majini bamvua hadi bamvua atwambie mwani unakufa kwa nini. Asichoke kuuliza. Mtu huyo tunaye tayari, mtusomeshee tu." Sentensi ya mwisho umeiandika kwa herufi ndogo kuliko nyengine zote. Uliona haya kujiandika. Nililiona hilo nalo, siku ile, kabla sijasema kanuni ni kanuni.

Hicho ndicho cheti pekee ulichowahi kupewa na mtu aliyekuhitaji kweli. Hakina muhuri. Kina dole.

Mama yako